Picha Yenye Sahihi: Habari za Arturo Toscanini, Kiongozi wa Muziki

Katika miji mikubwa ya Ulaya na Marekani wako wafanya biashara ambao mali yao ni karatasi za kale. Hawauzi nguo wala vyombo. Huuza barua, hati na picha ambazo watu wenye sifa walizitia sahihi kwa mikono yao wenyewe. Miongoni mwa picha hizo huonekana mara kwa mara picha ya mzee mwenye nywele nyeupe, masharubu mafupi na macho makali, amevaa nguo nyeusi. Chini yake, au karibu na bega lake, yameandikwa kwa wino majina mawili: Arturo Toscanini. Picha yenyewe yaweza kuwa ndogo kama kiganja cha mkono, au kubwa kama ukurasa wa daftari. Karatasi yake ni ya kawaida, na wino wake ni wa kawaida. Hata hivyo wako watu watoao fedha nyingi ili waipate, wakaitia katika fremu ya kioo, wakairithisha watoto wao.

Mtu aionaye biashara hii kwa mara ya kwanza hana budi kuuliza: Je, fedha hizo hutolewa kwa ajili ya nini? Ikiwa ni kwa ajili ya sura, sura ya Toscanini imepigwa chapa katika vitabu vingi, na kuitazama hakuna malipo. Ikiwa ni kwa ajili ya muziki, picha haina sauti. Basi yaonekana kwamba thamani yote imo katika ile mistari michache ya wino. Katika mazungumzo haya tutauliza mambo mawili: kwanza, sahihi ni kitu gani hata watu waithamini hivyo, na pili, jina la mtu huyu lilipataje uzito wake.

Yatupasa kwanza kujua kazi ya Toscanini ilikuwa nini. Katika ngoma zetu yuko mtu aongozaye. Wengine wote humsikiliza yeye, na ngoma kubwa ikibadili mwendo, wachezaji nao hubadili. Huko Ulaya liko kundi la wapigaji muziki liitwalo okestra, nalo laweza kuwa na watu 80, au 100, au zaidi. Wako wapigao fidla, wako wapulizao zumari na tarumbeta, wako wapigao ngoma. Kila mmoja ana karatasi mbele yake, na karatasi hiyo imeandikwa sehemu yake yeye tu. Mtu mmoja ndiye ajuaye sehemu zote pamoja. Yeye husimama mbele ya wenzake akiwa na kijiti chembamba mkononi, huonyesha mwendo, humwashiria huyu aanze na yule apunguze sauti. Huyo ndiye kiongozi wa okestra.

Ajabu ya kazi hii ni kwamba kiongozi mwenyewe hapigi chombo chochote. Seremala akimaliza kazi, huacha mlango au kiti. Mwashi huacha ukuta. Mtungaji wa muziki huacha karatasi alizoziandika. Lakini kiongozi wa okestra akiteremsha mkono wake, sauti hukoma, na kazi yake yote imekwisha kupita hewani. Ni kweli kwamba Edison wa Marekani alivumbua chombo cha kunasa sauti mwaka 1877, lakini ilichukua miaka mingi kabla ya chombo hicho kuweza kunasa sauti za okestra nzima kwa namna ya kupendeza. Toscanini mwenyewe alitia muziki katika santuri kwa mara ya kwanza mwezi wa Desemba mwaka 1920, naye alikuwa amekwisha kuongoza muda wa miaka 34. Kwa hiyo msikilizaji aliyetaka kurudi nyumbani na kitu cha kushika mkononi, kitu cha kumwambia mjukuu wake, "Nilimwona mtu huyu," hakuwa na kitu bora kuliko picha yenye sahihi.

Desturi hiyo ya picha haikuanza zamani sana. Mwaka 1854 mpiga picha mmoja wa Paris, jina lake Disdéri, alipata hati ya serikali ya kulinda ubunifu wake: alipata njia ya kupiga picha ndogo kadhaa juu ya bamba moja la kioo, kisha kuzikata na kuzibandika juu ya kadi. Bei ya picha ikashuka sana. Watu wakaanza kupeana kadi hizo kama wapeanavyo salamu, wakaziweka katika vitabu maalumu vya picha. Waimbaji na wapigaji muziki, ambao walisafiri kwa meli na gari la moshi kutoka mji hata mji, walichukua kadi zao pamoja nao. Waliowakaribisha vizuri, wenzao waliofanya kazi pamoja nao, na wasikilizaji waliowangojea mlangoni walipewa picha, na juu yake jina la mtoaji kwa mkono wake mwenyewe. Mara nyingine mtoaji aliongeza jina la mpewaji, tarehe na mahali, na wengine waliandika hata alama chache za muziki.

Nguvu ya sahihi si jambo geni kwetu. Barua za masultani wa pwani zilitiwa muhuri, na barua isiyo na muhuri haikuaminiwa. Mtu asiyejua kuandika huweka dole gumba juu ya hati, na mbele ya hakimu alama ile ya kidole yaweza kumpatia shamba au kumkosesha. Maana yake ni hii: sahihi ni shahidi. Yasema kwamba mtu fulani alikuwapo, aliishika karatasi hii, akakubali jina lake likae juu yake.

Na palipo na shahidi hapakosi shahidi wa uongo. Watu wenye sifa hupata barua nyingi sana za kuombwa sahihi, na si wote wawezao kuzijibu. Wengine waliagiza jina lao lichongwe katika muhuri wa mpira. Wengine waliwaachia makarani wao kazi ya kuandika, na karani aliyezoea huweza kuifuata sahihi ya bwana wake hata ikawa vigumu kuitambua. Baadaye zikatengenezwa mashine zishikazo kalamu na kurudia sahihi ile ile mara mia bila kutofautiana hata kidogo. Wako pia wadanganyifu hasa, ambao hununua picha ya kale isiyo na maandishi, wakaandika jina juu yake wao wenyewe.

Wajuzi wa biashara hii wana njia zao za kupima. Huitazama picha kwa kioo cha kukuza, wakiielekeza kwenye mwanga kwa upande. Picha za siku za Toscanini zilitengenezwa kwa chumvi za madini ya fedha zilizochanganywa na utomvu mwembamba uitwao jelatini, na uso wake una mng'ao wake. Wino wa kweli hulala juu ya uso huo na kung'aa kwa namna nyingine. Lakini sahihi iliyopigwa picha pamoja na sura huwa na mng'ao ule ule wa karatasi nzima. Tena mkono wa mtu haurudii jambo moja sawasawa. Huanza kwa nguvu, hulegea, hukaza tena. Na sahihi mbili zikilingana kabisa kila mahali, hiyo ni dalili ya muhuri au mashine. Iko na taa ya mwanga usioonekana kwa macho, ambayo hulifanya karatasi la siku za karibu ling'ae rangi ya buluu, kwa kuwa viwanda vilianza kutia dawa ya kung'arisha weupe karibu na mwaka 1950. Basi picha isemayo kwamba ilitiwa sahihi mwaka 1938, nayo yang'aa hivyo chini ya taa, imejishuhudia uongo.

Vipimo hivi ni vizuri, na vinafaa. Lakini vina mpaka wao. Kioo cha kukuza chaweza kutuambia kama wino ni wa kweli. Hakiwezi kutuambia kama jina lenyewe lilikuwa jina la kuaminiwa. Kwa jambo hilo hapana budi tuulize historia.

Arturo Toscanini alizaliwa Parma, katika nchi ya Italia, tarehe 25 Machi 1867. Baba yake alikuwa mshona nguo, na nyumba yao haikuwa ya utajiri. Mtoto alipofika umri wa miaka tisa alitiwa katika chuo cha muziki cha mji ule, akafundishwa kupiga fidla kubwa ishikwayo kati ya magoti. Alimaliza masomo mwaka 1885. Mwaka uliofuata alisafiri mpaka Brazil pamoja na kundi la waimbaji, yeye akiwa mpigaji tu miongoni mwa wapigaji. Huko Rio de Janeiro, tarehe 30 Juni 1886, kulitokea ugomvi juu ya kiongozi wa okestra. Watu waliojaa katika jumba la michezo walipiga kelele, wakawazomea waliojaribu kuchukua mahali pake. Ndipo wenzake wakamsukuma Toscanini mbele, kwa kuwa walijua kwamba amehifadhi muziki wote moyoni. Alikuwa na umri wa miaka 19. Aliongoza mchezo wa kuimba uitwao Aida, uliotungwa na Verdi, tangu mwanzo hata mwisho bila kutazama kitabu. Tangu usiku ule jina lake lilianza kusikika.

Macho yake hayakuona mbali, na kwa sababu hiyo aliendelea maisha yake yote kuongoza kwa kukumbuka. Mwaka 1896, huko Turin, aliongoza mchezo wa La bohème wa Puccini ulipoonyeshwa kwa mara ya kwanza duniani. Mwaka 1898 akapewa kuongoza La Scala, jumba kubwa la muziki la mji wa Milan. Tangu mwaka 1908 hata 1915 alifanya kazi New York. Hakuwa mtu mpole katika kazi. Aliwakemea wapigaji kwa maneno makali, alivunja vijiti vyake kwa hasira, na wako waliomwogopa kuliko kumpenda. Nasema haya ili msomaji asidhani kwamba twamsifu malaika. Lakini alidai kwamba yaliyoandikwa na mtungaji yapigwe kama yalivyoandikwa, naye alijidai nafsi yake kazi ngumu kuliko aliyowadai wengine.

Sasa twafika kwenye habari ya jina. Mwezi wa Novemba mwaka 1919 ulifanyika uchaguzi wa bunge katika Italia. Mtu mmoja mwenye gazeti, Benito Mussolini, alikuwa ameanzisha chama chake cha mafashisti, nacho kiliahidi mambo mengi, kama wanawake kupewa haki ya kuchagua na wafanya kazi kufanya saa nane tu kwa siku. Mussolini aliandika orodha ya wagombea wake katika Milan, na katika orodha hiyo lilikuwamo jina la Toscanini. Chama kile kilishindwa kabisa. Hakuna hata mmoja wa orodha ile aliyechaguliwa. Hivyo jina la Toscanini lilikwisha kukaa mara moja karibu na jina la Mussolini, kwa ridhaa yake mwenyewe.

Baada ya hapo chama kile kikageuka. Makundi yake yaliyovaa mashati meusi yakawapiga wapinzani kwa marungu na kuchoma nyumba zao, na mwezi wa Oktoba mwaka 1922 Mussolini akatwaa serikali. Watu wengi wenye sifa walinyamaza, na wengi wakajipendekeza. Toscanini alijitenga naye. Mwezi wa Desemba mwaka ule ule, kundi la mafashisti ndani ya La Scala lilidai kwa kelele kwamba wimbo wa chama chao upigwe katikati ya mchezo. Toscanini alivunja kijiti chake, akaondoka mahali pake.

Kisha ikatoka amri kwamba picha ya Mussolini itundikwe katika majumba ya watu wote. Iliwekwa katika shule na maofisi kote nchini. Toscanini alikataa isitundikwe katika La Scala muda wote alipokuwa mkuu wa jumba lile. Tarehe 25 Aprili 1926 ulipoonyeshwa kwa mara ya kwanza mchezo wa Turandot, ambao Puccini alifariki kabla ya kuumaliza, Mussolini alikuwa Milan. Lakini desturi ilitaka wimbo wa chama upigwe kila alipoingia mahali, na Toscanini hakukubali kuupiga. Mussolini hakuhudhuria.

Wasomaji wa nchi zetu wanamjua Mussolini huyu. Ndiye ambaye majeshi yake yaliingia Uhabeshi mwezi wa Oktoba mwaka 1935, yakatwaa Addis Ababa mwezi wa Mei mwaka 1936. Na askari wa King's African Rifles kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasa walikuwa miongoni mwa majeshi yaliyopigana na jeshi lake hata likashindwa huko Gondar mwezi wa Novemba mwaka 1941. Kwa hiyo kukataa kwake Toscanini halikuwa jambo la ukaidi wa mwanamuziki tu. Alikuwa amekwisha kuona, mapema kuliko wengi, ni mtu wa namna gani aliyetaka sura yake itundikwe kila mahali.

Malipo ya kukataa huko yalikuja Bologna. Tarehe 14 Mei 1931 Toscanini alikwenda huko kuongoza muziki wa ukumbusho wa mwalimu Martucci, aliyekuwa amefariki zamani. Wakubwa wa serikali walitaka nyimbo za serikali na za chama zipigwe kwanza. Alikataa. Alipofika kwenye mlango wa jumba la muziki, vijana wa mashati meusi walimzingira wakampiga usoni. Muziki haukupigwa. Alirudi Milan usiku ule ule, naye alikuwa mzee wa miaka 64. Serikali ikamnyang'anya hati yake ya kusafiria, ikaweka walinzi nyumbani kwake, mpaka kelele za watu wa nchi nyingine zilipoilazimisha kumrudishia. Hakuongoza tena muziki katika nchi yake kwa muda wa miaka 15.

Miaka miwili baadaye ukaja mtihani wa pili. Huko Bayreuth, katika Ujerumani, hufanyika tamasha la muziki wa Richard Wagner. Toscanini aliupenda sana muziki huo, na mwaka 1930 alikuwa kiongozi wa kwanza asiye wa mataifa ya Kijerumani kuongoza katika tamasha hilo. Aliongoza tena mwaka 1931, na mwaka 1933 alikuwa ameahidi kurudi. Lakini tarehe 30 Januari 1933 Hitler alifanywa mkuu wa serikali ya Ujerumani, na mara wanamuziki wa Kiyahudi wakaanza kufukuzwa. Bruno Walter, kiongozi mashuhuri, alizuiwa kuongoza Leipzig na Berlin.

Wanamuziki kadhaa waliokaa Marekani wakaandika simu ya kumpinga Hitler kwa ajili ya mateso ya wenzao. Toscanini alitaka jina lake litangulie mengine yote. Simu ile ilipelekwa tarehe 1 Aprili 1933. Baada ya siku chache serikali ya Ujerumani ikatoa amri kwa stesheni ya redio ya Berlin kwamba santuri na tungo za watu wote waliotia majina yao katika simu ile zisisikike tena. Hitler mwenyewe alimwandikia Toscanini barua ya kumbembeleza, akionyesha tamaa yake ya kumsalimu Bayreuth. Mambo ya huko hayakubadilika, na kabla ya tamasha kuanza Toscanini alijibu kwamba hatakwenda. Hakuacha kuupiga muziki wa Wagner mahali pengine. Alikataa tu kuutumia kupamba karamu ya watesaji.

Hapa natuangalie jambo moja. Katika picha, sahihi ya Toscanini ilikuwa zawadi isiyomgharimu zaidi ya tone la wino. Katika simu ya mwaka 1933, jina lile lile lilimgharimu tamasha alilolipenda kuliko mengine, na sauti yake ikafungiwa nje ya redio ya nchi nzima. Ni herufi zile zile. Yule apataye picha leo ashika jina ambalo mwenyewe alilitolea malipo mahali pengine.

Mwaka 1936 mpigaji fidla Bronislaw Huberman alikusanya wanamuziki wa Kiyahudi waliofukuzwa katika kazi zao Ulaya, akaunda okestra katika Palestina. Toscanini alikwenda kuiongoza mara ya kwanza, tarehe 26 Desemba 1936, katika mji wa Tel Aviv, wala hakupokea ujira. Mwezi wa Februari mwaka 1938, alipoona serikali ya Austria yaanza kumwinamia Hitler, alijitoa katika tamasha la Salzburg. Na mwezi wa Machi majeshi ya Hitler yakaingia nchi hiyo. Mwaka ule ule Italia nayo ikatunga sheria za kuwatenga Wayahudi. Serikali ikamnyang'anya Toscanini hati ya kusafiria mara ya pili, kisha ikamrudishia. Akaondoka, asirudi mpaka vita vilipokwisha.

Wakati huo kazi mpya ilikuwa imekwisha kumfungukia, nayo ilikuwa kazi ya redio. Shirika la NBC la New York liliunda okestra kwa ajili yake, na muziki wake wa kwanza kutoka huko ulisikika tarehe 25 Desemba 1937. Alikuwa na miaka 70, umri ambao wengine hupumzika. Aliendelea kuongoza hata tarehe 4 Aprili 1954. Watu wa mashamba, ambao hawakuwa na fedha wala nafasi ya kuingia jumba la muziki, walimsikia majumbani mwao. Sauti iliyofungiwa nje ya redio ya Berlin ilipita katika redio nyingine, ikawafikia watu wengi zaidi. Wakati wa vita, mwaka 1944, alipoongoza muziki wa kuchangia Chama cha Msalaba Mwekundu, hata kijiti alichokishika kilinadiwa ili fedha zake zisaidie wagonjwa na majeruhi.

La Scala lilipigwa kwa mabomu mwezi wa Agosti mwaka 1943, dari lake likaanguka. Watu wa Milan walilijenga upya kabla hata nyumba nyingi za mji hazijajengwa, na tarehe 11 Mei 1946 Toscanini, akiwa na miaka 79, alisimama tena mbele ya okestra yake ya kale. Pamoja naye alikuwapo Vittore Veneziani, mwalimu wa waimbaji, aliyefukuzwa mwaka 1938 kwa kuwa Myahudi. Naye alirudishwa mahali pake. Mwaka 1949 rais wa Italia alimpa Toscanini heshima ya kuwa mjumbe wa Baraza la Seneti maisha yake yote. Aliishukuru heshima hiyo, akaikataa. Alifariki New York tarehe 16 Januari 1957, akikaribia miaka 90, akazikwa Milan.

Sasa tuzitazame pamoja picha mbili za mwanzo wa karne ile. Moja ni picha ya Mussolini, iliyotundikwa kwa amri. Ilikuwa katika kila shule, na mwalimu aliyeiondoa aliweza kuipoteza kazi yake. Mussolini alipoondolewa madarakani mwezi wa Julai mwaka 1943, watu walizishusha picha hizo na kuzivunja njiani kabla ya siku kuisha. Ya pili ni picha ya Toscanini. Hakuna serikali iliyoamuru itundikwe. Ilitolewa mkononi, mtu kumpa mtu, ikawekwa ukutani kwa hiari, na hata leo warithi wa waliopewa huitunza, au huiuza kwa bei wasiyoionea haya. Wahenga walisema kwamba muungwana ni kitendo. Picha iliyowekwa kwa amri hudumu muda ule ule inaodumu amri; iliyowekwa kwa heshima hudumu muda inaodumu heshima.

Jambo la mwisho lawahusu hasa wanafunzi. Wengi wenu mtajifunza kutia sahihi kabla hamjapata jambo la kuitilia. Mtaijaribu katika daftari, mtaizungusha herufi ya kwanza, mtapiga mstari chini yake ipendeze. Hakuna ubaya. Lakini siku itakuja ambapo mtaletewa karatasi: hati ya deni, ushahidi barazani, orodha ya wanachama, barua ya kumsifu mtu au ya kumshitaki. Isomeni kwanza hata mwisho. Toscanini alikuwa na umri wa miaka 52 jina lake lilipowekwa katika orodha ya mwaka 1919, na miaka 66 lilipotangulia katika simu ya mwaka 1933. Karatasi zote mbili zahesabiwa katika historia yake, na wala hakuna mjuzi mwenye kioo cha kukuza awezaye kuifuta moja na kuiacha nyingine.